Watu wazima wakishika nyundo

Mwambieni mtoto achore mbuzi, naye atamchora mara moja, wala hataona haya kama mbuzi wake ana miguu mitano. Mwambieni baba yake achore mbuzi huyo huyo. Atacheka, atajikuna kichwa, na mwisho atasema: “Mimi sikusomea kazi hiyo.” Jambo hilo tuliliona kwa macho yetu hapa Mokambo tulipoanza kuwafundisha watu wazima kazi za mikono, na leo twataka kuwasimulieni mambo yalivyokwenda, yale mema na yale yanayotutia haya hata sasa.

Mokambo si mji mkubwa. Uko mpakani kabisa, na ng'ambo ni Zambia, ambako mji wa karibu ni Mufulira wenye mgodi wa shaba. Malori hupita na kusimama, watu hubadilisha franka kwa kwacha, wenye baisikeli huvusha unga na sabuni, na kandokando ya njia magunia ya makala yangoja wanunuzi. Kibemba na Kiswahili husemwa pamoja, mara nyingi katika sentensi moja. Kila mtu ana shughuli yake tangu alfajiri. Basi tulipotangaza baada ya Misa ya Dominika ya kwamba kila Jumamosi saa nane, katika ukumbi wa parokia, kutakuwa na mafundisho ya kuchora, kufinyanga na kufua shaba, bila malipo, kwa mtu mzima ye yote asiyejua kitu, wengi walidhani tumekosea maneno. Walidhani tulitaka kusema watoto.

Wakaja kumi na wanne. Jumamosi ya pili wakabaki tisa, na hao tisa hawakuondoka tena. Alikuwamo mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, mshonaji wa nguo, akina mama wawili wauza makala, kijana mmoja mwenye baisikeli anayebeba mizigo ya watu mpakani, na mama mjane ambaye habari zake zitakuja mbele. Wengine walikuwa wakulima tu, kama sisi sote tulivyo wakulima msimu wa mvua ukifika.

Mtauliza, katekista ametoa wapi mawazo hayo? Tulipokuwa wadogo tulipenda sana kuchora. Siku moja, katika shule tuliyosoma, mwalimu alichukua daftari letu, akaliinua mbele ya darasa, akauliza: “Huyu amechora punda au meza?” Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo hatukuchora tena mpaka tulipokuwa seminarini, karibu na Noeli, tulipopewa kazi ya kutengeneza pango. Bruda mmoja mzee alituwekea bonge la udongo mezani, akatuambia, “Fanyeni kondoo,” akaenda zake. Aliporudi jioni alikuta kondoo saba waliofanana na mawe. Akawaweka pangoni wote saba, wala hakunyosha hata sikio moja. Hatukuupata upadre, Mungu alituitia kazi nyingine, lakini kondoo wale hatukuwasahau.

Tena, kabla ya kuanza, tulikuwa tumekwenda Lubumbashi kwa shughuli za parokia, na huko rafiki yetu alituonyesha picha za wachoraji wa zamani wa mji ule akatueleza habari zao. Mwaka 1946, mji ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani afisa wa jeshi la baharini, alifungua mahali pa kuchorea pakaitwa Le Hangar, yaani banda. Waliomjia hawakuwa watoto wa shule. Bela, mtu aliyetoka Chad, alikuwa mtumishi wa nyumbani kwake, naye akashika rangi, akachora kwa ncha za vidole pasipo brashi. Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914, alikuwa amekwisha pita miaka thelathini. Mwenze Kibwanga alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Yule Mfaransa hakuwapa picha za Ulaya wazifuatishe, wala hakuwashika mkono. Alitaka wachore yale wanayoyajua: samaki, nyoka, ndege, wawindaji, majani. Kwa hiyo kila mmoja akapata mwandiko wake. Pilipili alijaza nafasi zote kwa nukta ndogo, Mwenze alijenga wanyama na watu kwa mistari mifupi mifupi kama mtu anayesuka mkeka, na picha za Bela zaonyesha alama za vidole vyake. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954. Lakini tangu mwaka 1951 palikuwapo mjini chuo cha sanaa kilichoanzishwa na Mbelgiji Laurent Moonens, na Pilipili na Mwenze wakawa walimu humo. Fikirini: mtu aanze kazi akiwa na miaka zaidi ya thelathini, kisha awafundishe wengine!

Yafaa tuseme pia lile lisilotupendeza. Yule bwana aliwapenda watu wake, lakini aliwatazama kama watoto wake, na mtu mzima mwenye mke na kodi ya kulipa si mtoto wa mtu. Hapo hatumfuati. Ila neno la kutoshika mkono wa mwanafunzi tulilichukua zima zima, tukalifanya sheria ya Jumamosi zetu: mwalimu asiguse kazi ya mwenziwe hata ikiwa imepinda. Tuliishika sheria hiyo kwa bidii nyingi. Twasema hivi kwa sababu, kama mtakavyoona, bidii ile ilitupumbaza upande mwingine.

Mwanzo tulitumia vitu visivyo na bei. Kalamu tulizitengeneza wenyewe, nayo ni kazi rahisi, jaribuni: twaa vijiti vyembamba, vitoe maganda, vipange katika kopo lenye kifuniko, toboa kifuniko tundu moja dogo, uweke kopo motoni. Moshi hutoka tunduni. Moshi ukikoma, toa kopo, uliache lipoe kabisa, maana ukilifungua likiwa la moto vijiti vitawaka mbele ya macho yako. Hivyo wapata makala laini ya kuchorea. Wale akina mama wauza makala walicheka sana siku hiyo. Mmoja alisema, “Katekista, nimechoma makala miaka kumi, sikujua kama naweza kuandikia.” Karatasi zetu zilikuwa mifuko ya saruji iliyokung'utwa vizuri. Baadaye tulipopata rangi tulitumia mifuko ya unga, kama alivyofanya Tshibumba Kanda Matulu, yule mchoraji wa Katanga ambaye miaka ya 1973 na 1974 alichora picha karibu mia moja za historia ya nchi yetu.

Na tuliwaambia wachore nini? Si mtu, si mnyama, maana hapo haya hurudi. Tuliwaambia: “Chora njia ya kutoka nyumbani kwako mpaka kisimani.” Njia kila mtu aijua, na hakuna awezaye kukucheka kwamba njia yako haifanani. Wakaanza na mstari. Halafu mmoja akakumbuka kichuguu kilicho njiani, akakiweka. Mwingine akaweka mti wa mwembe, mwingine mbwa mkali wa jirani. Mzee wa reli hakuchora njia ya kisimani. Alichora njia ya gari la moshi, na mataruma yake yote moja moja, akiyahesabu kwa sauti, mpaka karatasi ikamwishia. Jumamosi iliyofuata aliomba mfuko mwingine aendelee.

Kufinyanga hakukutupa taabu, kwa kuwa tuligundua ya kwamba mama mmoja katika wale “wasiojua kitu” alikuwa amefinyanga vyungu na bibi yake alipokuwa msichana. Alijua udongo wa kuchukua, alijua kuchanganya vigae vilivyosagwa ili chungu kisipasuke motoni. Kumbe alikuwa ameficha ujuzi huo kwa sababu siku hizi vyombo hununuliwa dukani. Basi tulikaa chini tukawa wanafunzi wake. Vyungu vyetu viwili vilipasuka, cha kwake hapana.

Lakini mtu wa Katanga akisikia kazi za mikono, moyo wake huenda kwenye shaba. Makaburini mwa kale, kando ya ziwa Kisale, wachimbuzi wamekuta misalaba midogo ya shaba. Ilikuwa fedha ya watu wa zamani, haikuwa ishara ya dini yetu, nayo mitatu iliwekwa katika bendera ya Katanga ya mwaka 1960. Na Lubumbashi wapo mafundi wanaopiga picha katika mabamba ya shaba, nyumba na wanyama na wanawake watwangao. Watu wetu walitaka hiyo. Tulianza na birika kuukuu la shaba lililotoboka. Tulilikata, tukalinyosha, tukajifunza. Bamba huwekwa juu ya mfuko wa mchanga, nawe wasukuma picha kutoka nyuma kwa msumari uliotolewa ncha au kwa kijiti kigumu, halafu wageuza na kupiga nafasi za kandokando kwa mbele. Tena shaba ina tabia yake. Ukiipiga muda mrefu inakuwa ngumu, na ukizidi kuipiga inapasuka. Inabidi uirudishe motoni mpaka iwe nyekundu, ndipo inalainika upya. Mgeni wa kazi hana subira ya kurudi motoni kila mara. Wote walipasua, na sisi pia.

Birika likaisha. Ndipo yule kijana wa baisikeli alipokuja na utepe mrefu wa shaba ameukunja kama mshipi, upana wa vidole viwili, mnene, mzuri kabisa. Tulifurahi mno. Tulimwuliza, “Umelipa kiasi gani?” Akataja, nasi tukamrudishia fedha yake kutoka sandukuni. Hatukumwuliza, “Umeutoa wapi?”

Sasa yule mama mjane. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kaburi lake lilikuwa na msalaba wa mti wa sanduku ambao mchwa walikuwa wamekwisha uanza. Tangu siku ya kwanza yeye hakuja kwa ajili ya kujifurahisha. Alisema wazi kwamba atajifunza cho chote kile mpaka aweze kutengeneza msalaba kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu wakati wa ugonjwa mikono ya watu wengine ilifanya yote. Alikata vipande viwili vya utepe ule. Alivipiga Jumamosi saba. Cha kwanza kilipasuka katikati, akalia, nasi, kwa kuishika ile sheria yetu, hatukumwondolea nyundo mkononi. Akakata kingine. Mara hii alikirudisha motoni kila baada ya mapigo machache, akihesabu kama mzee wa reli. Aliuandika ubavuni jina la ubatizo la mumewe kwa nukta, akaunganisha mikono ya msalaba kwa ribiti nne. Mwezi wa tisa tulikwenda naye makaburini kuuweka. Jua lilipopiga, uliwaka. Tulirudi tukiimba, na sisi tulijiona tumefanya jambo.

Katikati ya mwezi wa kumi mawingu ya kwanza yalianza kukusanyika. Dominika moja mwalimu mkuu wa shule moja ya hapa aliomba nafasi ya kutangaza baada ya Misa. Alisema kwamba fundi amekagua kikinga radi cha shule kabla ya mvua, akakuta utepe wa shaba unaoshuka kutoka paani mpaka ardhini umekatwa wakati wa kiangazi. Chuma cha juu kipo bado, lakini njia ya kushuka haipo. Watu wa nchi hii tunaijua radi, haihitaji kuelezwa. Bila njia ile moto wake hutafuta njia nyingine, na chini ya paa lile wameketi watoto wetu. Akaomba ye yote mwenye habari amwambie, hata kwa siri.

Tulikuwa tumesimama karibu na ngoma za kwaya. Tulimtazama kijana wa baisikeli naye akatutazama, na wote wawili tukaangalia chini.

Jioni alikuja nyumbani bila kuitwa. Alisema aliununua njiani kwa vijana wawili asiowajua. Tulipomwuliza kama hakushuku, alijibu polepole: “Baba katekista, hapa mpakani nani huuliza? Nawe hukuniuliza.” Hatukuwa na neno. Mtu anayefundisha watoto amri ya saba kila Alhamisi alikuwa ameupokea utepe ule, ameulipia kwa fedha ya sanduku la parokia, ameukata vipande. Tulijisifu kwamba hatuingizi mkono wetu katika kazi za watu, kumbe tulikuwa tumeyaondoa na macho. Padre alipotusikiliza hakusema maneno mengi. Alisema, “Nendeni kwa mwalimu mkuu ninyi wenyewe, mimi sitawasemea.”

Tukaenda sisi na kijana yule. Mwalimu mkuu hakutukaripia. Aliuliza tu umebaki utepe kiasi gani. Tulipomwonyesha kipande kilichobaki na vibamba vitano vilivyopigwa samaki na ndege, alivigeuza geuza mkononi, akasema ya kwamba shaba iliyokatwa na kupigwa nyembamba namna ile haifai tena kushusha radi, na kwamba utepe mpya utaletwa kutoka Lubumbashi atakapopata fedha. Tukaahidi ya kuwa fedha ni juu yetu.

Wanane tuliwaambia Jumamosi ile ile ukumbini. Wa tisa hakuwapo, alikuwa shambani, na wengine walisema afadhali asijue. “Msalaba umekwisha simama,” akasema mshonaji, “kaburi halivuti radi, mwacheni.” Hata mzee wa reli alinyamaza. Tukaona kwamba kunyamaza kwetu ndiko kulikoleta haya yote, tukaenda kwake jioni.

Alikuwa akipika bukari. Alitupa kiti, akaendelea kusonga huku akisikiliza. Tulipomaliza aliuliza:

“Katekista, ulijua?”

“Mama, hatukuuliza.”

“Hilo silo nililouliza.”

Tukajibu ya kuwa hatukujua, ila tungaliweza kujua. Aliepua chungu, akakaa kimya mpaka mtoto wake mdogo akaja kudai chakula. Mtoto yule husoma katika shule ile ile, darasa la tatu. Mama alimtazama alivyokula. Halafu akatuaga kwa adabu kama kawaida, wala hakutuambia atafanya nini.

Dominika iliyofuata alifika mlangoni pa kanisa na kitu kirefu kilichofungwa katika kitenge. Alikuwa amezikata zile ribiti nne peke yake kwa patasi. Alimkabidhi mwalimu mkuu mbele ya watu, akasema, “Hiki ni chenu.” Tarehe 2 ya mwezi wa kumi na moja, siku ya marehemu wote, tulipokwenda kubariki makaburi, juu ya kaburi la mumewe palikuwa na jiwe tu, na maua ya porini katika kopo.

Wiki zile zilikuwa ngumu. Kila wingu jeusi lilipoinuka upande wa Mufulira, walimu waliwahamisha watoto kuja kanisani, nasi tulisikia meza za kuzidisha zikiimbwa mbele ya altare. Mara mbili radi ilipiga miti karibu sana, watoto wakapiga kelele, na sisi tulibaki sakristiani tukisali Rozari tusiweze kuihesabu. Wanafunzi wetu walifanya kazi. Vyungu vya yule mama mfinyanzi vilinunuliwa vyote, jambo ambalo hata yeye hakulitazamia. Mikeka ilinunuliwa. Michoro haikununuliwa, ila mmoja: dereva wa lori aliona reli ya mzee imetandazwa ukutani, mifuko minne ya saruji iliyounganishwa, akataka kuichukua nyumbani kwao Likasi. Mzee alisita kwanza, kisha akaitoa. Kijana wa baisikeli alibeba magunia ya makala Jumamosi sita na kutia malipo yote sandukuni. Sisi tulitoa kuku na fedha ya viatu. Wiki moja kabla ya Noeli utepe mpya ukafungwa, na fundi akaupitisha ndani ya bomba la chuma mpaka juu ya kichwa cha mtu.

Hapo mwalimu mkuu alituita akaturudishia vibamba na msalaba, akisema deni limelipwa na vitu hivi sasa ni mali yetu. Tuliupeleka msalaba kwa mama yule. Aliushika, akapitisha kidole juu ya nukta za jina, akaturudishia. Alisema anajua umelipwa, lakini ataukumbuka kila akiutazama, na makaburini haendi kukumbuka hilo. Umo sakristiani katika kabati, umefungwa katika kitenge kile kile.

Jumamosi zetu zaendelea, tena twauliza kila kitu kimetoka wapi, hata msumari, mpaka watu watucheka. Mama mjane amerudi tangu Kwaresima. Amepata gogo la mulombwa, mti mwekundu mzuri, kwa ndugu wa mumewe aliyelikata shambani kwake, na mzee wa reli, ambaye zamani alifanya kazi ya seremala kidogo, amemfundisha kushika patasi. Msalaba wake una mkono mmoja mrefu kuliko mwingine kwa upana wa kidole. Jumamosi iliyopita tuliliona hilo tukasogea, tukafungua kinywa. Alituzuia kwa nyundo bila kuinua macho, akaendelea kuchonga.